Kalamu ya mninga yenye njumu: msumeno ndio unaoamua

Mtu akiona kalamu ya mninga yenye mistari myeupe iliyosukana katikati kama ukili wa mkeka, huuliza kwanza mashine gani imeitengeneza. Jibu huwavunja moyo wengi. Mashine ya kukereza inafanya humu kazi ileile inayofanya kwenye miguu ya vitanda hapa Tabora, ila kwa udogo. Nakshi yenyewe, yaani njumu (mbao ya rangi moja iliyopachikwa ndani ya nyingine), ilikwisha kabla mche, kile kipande cha mbao cha mraba kinachokerezwa, haujafungwa kwenye mashine. Iliamuliwa na msumeno, na hasa na upana wa njia ambayo meno yake yanaiacha kwenye mbao.

Sababu iko kwenye vipimo. Kalamu nyembamba ya kuzungusha, ile ambayo vyuma vyake huuzwa kama seti, ina mirija miwili ya shaba nyeupe yenye kipenyo cha milimita 7, kila mmoja ukiwa na urefu wa karibu milimita 53. Mbao hugandishwa juu ya mirija hiyo, kisha hukerezwa mpaka ncha zake zilingane na vyuma, yaani kipenyo cha milimita 8.3 hivi. Toa 7, gawanya kwa mbili: mbao inayobaki pale mwishoni haifiki hata unene wa milimita 0.7. Kwa hiyo njumu ya kuchimba kijishimo juujuu na kupachika kitu, kama inavyofanywa kwenye masanduku ya pwani, hapa haina maana. Mche unaanza na upana wa milimita 20 na kalamu inaishia na 8 mpaka 11. Chochote ulichokipachika kwa kina cha milimita 3 kitageuka vumbi kabla hujafika nusu ya kazi. Njumu ya kalamu inapita mche mzima, upande hadi upande, ndipo ukikereza mpaka karibu na mrija bado uikute.

Mbao

Tabora hatuhangaiki kupata mbao. Tunachohangaika nacho ni kupata jozi. Njumu inataka rangi zinazopingana na ugumu unaokaribiana, na wengi hukumbuka rangi wakasahau ugumu. Ukipachika paini ndani ya mninga, msasa utaila paini haraka zaidi, na ukipitisha kidole utasikia mfereji. Macho yanaweza yasiuone, kidole kitauona, na kalamu ni kitu cha vidole.

Mninga ndio msingi wangu wa kwanza kupendekeza. Unakauka bila kujikunja sana, hauumizi zana, na kipande cha sentimita 13 kinachotupwa kwenye karakana ya samani kinatosha kalamu moja. Omba mabaki kwa maseremala. Hakuna haja ya kununua ubao mzima. Mkurungu una wekundu mkali zaidi na unavutia sana, lakini rangi yake inatoka, na tutaona baadaye madhara yake. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na una faida ya pekee: kiini ni cheusi na sehemu ya nje ni ya njano iliyofifia, kwa hiyo kigogo kimoja kinakupa rangi mbili. Kwa tepe nyeupe, yaani vibamba vyembamba vya kupachika, tafuta mchungwa au mlimau uliokatwa uani. Mbao yake ni ngumu, haina vinyweleo vikubwa, na inaweza kupasuliwa nyembamba bila kubomoka. Mwembe, ambao mji huu umejaa, ni mzuri kama mwili wa kalamu wenye tepe za mpingo. Ukiuweka pamoja na mninga, rangi zinakaribiana mno na nakshi inapotea.

Kwa wanaouzia wageni: jamii yote ya mpingo iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017. Mwaka 2019 bidhaa zilizokamilika, zikiwa na mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, ziliondolewa kwenye sharti la kibali. Kalamu mkobani zimo humo. Vipande ghafi havimo, kwa hiyo usimfungashie mteja mche wa mpingo kama zawadi. Mambo ya mbao ghafi uliza ofisi ya TFS, wakala wa huduma za misitu.

Ukavu ndio mtego wa mkoa huu. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuishia Aprili, halafu kinafuata kiangazi chenye hewa kavu kwa miezi. Mche uliogandishwa Februari ukiwa na unyevu utaendelea kunywea mpaka Agosti, na mrija wa shaba ulio ndani haunywei nao. Mbao inabana kitu kisichobonyea, mwisho inapasuka kwa urefu, mara nyingi kwenye ungio la njumu. Kata miche ya milimita 22 kwa 22 kwa 130, chovya vichwa vyake kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa (nta ni kitu ambacho Sikonge na Urambo hawawezi kukunyima), ipange kivulini ipitiwe na hewa, kisha ipime uzito kila wiki. Mche wa mninga wa ukubwa huo una gramu 40 hivi na wa mpingo karibu 75, kwa hiyo mizani ya jikoni inayoruka gramu 5 haifai. Tafuta ile ndogo inayosoma sehemu ya gramu. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu mfululizo, mche umekauka. Mninga uliotoka kwenye samani kuukuu huwa tayari. Mpingo mbichi utakuchosha, maana unaweza kuusubiri mwaka na zaidi.

Utepe na njia ya msumeno

Kila ukikata, msumeno unakula mbao ya upana fulani. Utepe unaoupachika lazima uwe na unene uleule ulioliwa. Ukiwa mnene zaidi, unasukuma pande mbili za mche zisogee mbali, na kila mstari uliokwisha kuupachika unahama nazo. Kwa mkato wa pembe ya 45°, unene wa ziada wa milimita 0.5 unasogeza pande hizo karibu milimita 0.7 kwenye urefu wa mche. Kwenye mche mkubwa hilo halionekani. Kwenye kalamu ya milimita 10 ni wazi kabisa: vitanzi havikutani, mmoja unaishia hewani.

Basi chagua msumeno mmoja na usiubadilishe mpaka kalamu iishe. Msumeno wa kukatia chuma wenye meno 24 kwa inchi, uleule unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, unafaa kuliko misumeno mingi ya mbao kwa kazi hii. Unakata polepole na meno yanajaa vumbi, lakini njia yake haifiki milimita 1 na kingo zinabaki safi. Msumeno wa mviringo wa mashine mara nyingi hula milimita 2.5 mpaka 3. Huo unafaa ukitaka utepe wa tabaka tatu, mathalani mpingo katikati na mchungwa pande zote mbili.

Vipimo vya kitabuni visikutawale. Kata mabaki ya mninga kwa msumeno wako, halafu tengeneza utepe kwa kuujaribisha kwenye mkato huo. Pasua mchungwa kwa unene wa milimita 1.5, gandisha msasa namba 150 juu ya kioo au kigae, usugue utepe juu yake huku ukigeuza pande. Unene sahihi ni ule unaoingia kwa kusukumwa na dole gumba na usiodondoka ukigeuza mche juu chini. Ukiingia kwa nyundo, utakwangua gundi yote itoke nje na ungio litabaki kavu.

Halafu kuna urefu. Mkato wa mshazari ni mrefu kuliko mche ulivyo mpana. Kwa mche wa milimita 20, pembe ya 45° inakupa mkato wa milimita 28. Tepe za 20 kwa 20 zinaacha pengo, na pengo hilo hujitokeza pale kalamu inapokaribia kuisha. Kata tepe za 22 kwa 30, nyuzi za mbao zikifuata ule urefu wa 30. Nyuzi zikikaa kwa upana, utepe utavunjika mkononi.

Bati la kopo la soda nalo ni njumu. Lina unene wa karibu milimita 0.1 na linatoa mstari wa fedha mwembamba sana likibanwa kati ya tepe mbili za mbao. Pande zake zote mbili zina rangi na utando, kwa hiyo zisugue kwa msasa mpaka zing'ae, la sivyo gundi itashika utando na utando utabanduka. Usiliweke karibu na mbao nyeupe kama hujajiandaa: vumbi lake ni jeusi na linaingia kwenye vinyweleo.

Kusuka kitanzi

Nakshi ya vitanzi vinavyopishana inatokana na mikato minne ya mshazari inayokutana kwenye nukta moja ya katikati. Randa mche mpaka uwe mraba kamili, milimita 20 kila upande, na kichwa kimoja kiwe kimenyooka. Andika 1, 2, 3, 4 kwenye nyuso zake. Tengeneza sanduku la kukatia pembe kwa mabaki ya mbao, na njia ya sanduku ikatwe kwa msumeno uleule utakaoutumia. Yale ya plastiki ya dukani yana njia pana na bledi inacheza ndani yake. Weka kizuizi ili kichwa kilichonyooka kigote palepale kila mara, na mkato upite kwenye mhimili milimita 32 kutoka kichwani. Hapo kitanzi kitaangukia katikati ya nusu moja ya kalamu.

Kata uso wa 1, lakini usimalize. Acha milimita 2 chini bila kukatika. Hizo 2 ndizo zinazoshikilia mche usipinde, na kwa vile ziko nje ya umbo la kalamu zitaondoka zenyewe kwenye kukereza. Puliza vumbi, paka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, kwenye kuta zote mbili za mkato na pande zote mbili za utepe. Sukuma utepe mpaka ugote, funga mche kwa mfuko wa nailoni na ubane kwenye jiliwa kidogo tu. Ukikaza sana unafunga mkato na kuinamisha mche. Acha mpaka kesho yake.

Gundi nyeupe ya mbao ni imara, lakini ina maji, na utepe mwembamba unavimba nao ukiwa nusu njia. Supaglu inashika kabla hujasawazisha, tena ikikauka huvunjika upesi, na joto la drili likipita inaachia.

Kesho yake, kabla ya mkato wa pili, sawazisha masalia ya utepe kwa tupa au randa mpaka nyuso zirudi bapa. Donge la gundi la milimita 0.3 linatosha kuinamisha mche ndani ya sanduku na kupeleka mkato pembeni. Kisha geuza, kata uso unaofuata, pachika, subiri. Mikato minne ni siku nne. Utepe wa mwisho ndio unaokata zote zilizotangulia, kwa hiyo mpangilio wa kugeuza ndio unaoamua mstari upi unaonekana juu na upi chini. Uandike kwenye karatasi kama unataka seti ya kalamu zinazofanana.

Ukubwa wa kitanzi unatokana na pembe na kipenyo cha mwisho. Kwa 45°, kalamu ikiwa na milimita 10, kitanzi kina urefu wa milimita 10. Ukiulaza msumeno mpaka 30° kutoka kwenye mhimili, kinafika 17. Mimi naona 45° inapendeza kwenye kalamu fupi nene, na 30° kwenye hii nyembamba, ingawa 30° inadai utepe wa urefu wa milimita 40 na zaidi, na msumeno huteleza ukianza.

Anayetaka njia rahisi aanze na pete: unakata mche kwa mkato wa kukingama na kuurudisha ukiwa na kisahani katikati. Ni rahisi kuukata, ni rahisi pia kuvunjika. Vichwa vya nyuzi hufyonza gundi ungio likabaki na njaa. Paka tabaka jembamba kwanza, liache likamate, ndipo upake la pili na kubana kwa urefu.

Kutoboa

Humu ndimo miche mingi ya njumu inamofia. Baada ya mikato minne, mche hauko mraba tena kama ulivyoanza. Unyooshe upya, uukate katikati upate nusu mbili, moja kwa kila mrija, kisha chora mishazari kichwani upate kitovu kipya. Tundu likiwa kando kwa milimita 1, kitanzi kimoja kitakuwa kikubwa na kinachokitazama kitakuwa kidogo, wala hakuna kukereza kutakakorekebisha.

Biti ya milimita 7 iwe mpya au iliyonolewa. Mzunguko uwe wa chini, 500 mpaka 700 kwa dakika. Ingia milimita 5, toka, safisha vumbi, ingia tena. Joto ndilo adui: epoksi inalainika, tepe zinasogea, na mpingo unatoa nyufa za unywele zinazoanzia tundu kwenda nje. Biti ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, pumzika. Usitoboe mpaka utokee upande wa pili, maana biti ikitoka inang'oa kipande. Acha kila nusu iwe na urefu wa ziada wa milimita 8, simama kabla ya mwisho, kisha kata kile kichwa na tundu litajifungua.

Mirija ya shaba isugue kwa msasa 150 mpaka mng'ao ufe. Ziba midomo yake kwa kuikita kwenye kisahani cha kiazi mbatata kibichi: kinakata kizibo safi, na gundi haitaingia ndani. Paka epoksi, ingiza huku ukizungusha. Gundi ikikauka, sukuma kizibo nje na usawazishe vichwa mpaka shaba ionekane ikimeta, basi, hapohapo usimame. Ukiendelea kula shaba, kalamu inakuwa fupi na ncha ya wino itachungulia nje hata ukiifunga.

Kukereza

Kuna machache ya kusema. Anza na mizunguko 1500 mpaka mche uwe mviringo, kisha panda 2000 na zaidi. Noa zana upya hata kama unaona bado ina makali, kwa sababu kwenye njumu nyuzi zinakwenda kila upande na zana butu inanyofoa utepe badala ya kuukata. Ukifika milimita 12, simamisha mashine na udondoshe supaglu nyepesi kwenye maungio yote. Inaingia kwenye vinyweleo na kushika vijipande vilivyolegea.

Nati ya mandreli, ile fimbo ya chuma inayopita ndani ya mirija, ikazwe kwa vidole tu. Ukikaza kwa spana, fimbo hiyo nyembamba inapinda katikati, na kalamu inatoka nene upande mmoja na upande wa pili unaona shaba. Mtu hulaumu bushi, vile vipete vya chuma vinavyokaa kwenye ncha za mbao. Bushi hazina kosa.

Vumbi la mkurungu na mpingo

Mbao nyekundu na nyeusi zina vumbi lenye rangi, na msasa unalisukuma ndani ya utepe mweupe. Unamaliza kazi ya wiki nzima na mistari yako imekuwa ya waridi au ya kijivu. Kuifuta kwa spiriti kunaongeza tatizo, kwa sababu rangi ya mkurungu inayeyuka humo na kusambaa.

Dawa ni kusugua kidogo. Malizia kwa patasi kali ya mshazari mpaka uso uwe laini, kisha paka tabaka la supaglu nyepesi kabla ya msasa wowote ili vinyweleo vizibwe. Anza na msasa 240, uende 400 halafu 600. Kila unapobadili namba simamisha mashine, puliza vumbi, na usugue mara chache kwa urefu wa kalamu ili mikwaruzo ya mzunguko itoke. Vaa barakoa. Vumbi la mpingo na la jamii ya mninga huwasha pua na kifua, na baadhi ya mafundi huishia kupata mzio hata kwa kipande kidogo.

Kung'arisha

Nta ya nyuki sehemu 1 kwa mafuta ya linsidi sehemu 3, kwa uzito, ikiyeyushwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, inatoa mng'ao mtulivu na mguso mzuri. Jasho la vidole linaiondoa kwa miezi michache, mwenye kalamu apake tena. Mafuta ya kupikia usiyaguse, hubaki yakinata na kushika uchafu.

Kwa kalamu ya kuuza, supaglu inadumu zaidi: tabaka 6 mpaka 10 nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, zikipakwa kwa karatasi laini mashine ikizunguka polepole. Usitumie kitambaa cha pamba. Supaglu nyingi ikikutana na pamba inapata joto kali na kutoa moshi, na itakuunguza kidole. Mpingo mtupu hauhitaji chochote. Usugue mpaka msasa 1000, upitishe kitambaa kikavu.

Kufunga vyuma

Kabla ya kusukuma chochote, zungushia msasa kwenye kijiti na usafishe midomo ya mirija. Chembe ya gundi iliyobaki humo ndiyo inayopasua mbao wakati wa kukandamiza, na njumu hupasuka kwanza. Tumia jiliwa iliyowekwa vipande vya mbao laini kwenye meno. Anza na ncha ya chuma upande wa chini. Kizungushio kifuate kwenye mdomo wa pili wa kipande hichohicho, lakini kwa hatua ndogo: sukuma, ingiza wino, zungusha, tazama ncha ya wino imetoka kiasi gani. Ukikipitiliza hakirudi kwa urahisi. Ncha ikitoka milimita 2 mpaka 3 na ikirudi yote ndani, umefika. Klipu na kifuniko huingia upande wa juu. Pete ya katikati huvaliwa mwisho, halafu nusu mbili zinasukumwa pamoja kwa mkono. Hapo zungusha ile ya juu mpaka nyuzi za mbao zipitilize kutoka nusu moja hadi nyingine, kama ulikumbuka kuweka alama ya penseli siku ulipoukata mche.